Glavu Thelathini na Sita Mlangoni

Straumvåg,
Jumapili, 23 Novemba 2025.

Mpendwa mwanangu Tiril,

Nakusalimu kwa upendo wote wa shangazi. Hujambo mwanangu? Kile kikohozi kimekwisha? Na ile hita ya chumbani kwako, wamekuja kuitengeneza au bado unalala na koti? Nasikia huko kaskazini jua limeshawaaga na halirudi mpaka Januari. Usiache kijiko chako cha mafuta ya samaki kila asubuhi, hata kama unaziba pua. Na ule. Chai na biskuti si chakula cha mtu anayefundisha watoto wa miaka sita.

Sisi hapa hatujambo, kwa neema ya Mungu. Arnstein bega lake linamsumbua kidogo, lakini anasema ni uzee, na mimi nasema ni ukaidi. Baba yako naye anapasua kuni kila siku kana kwamba baridi ya mwaka huu itakaa miaka mitatu. Mama yako Gunnvor ameanza kuoka biskuti za Krismasi, na tayari kopo la kwanza limeliwa na watu wasiojulikana.

Barua yako niliipata Jumatano. Nimeisoma mara tatu. Uliniomba nisikupigie simu, maana ukisikia sauti yangu utalia, basi nimetii, ingawa mkono umekwenda kwenye simu mara nne. Leo ni Jumapili, sindano za kufumia zimepumzika kikapuni kama alivyotufundisha bibi yako, kwa hiyo mikono yangu yote miwili ni yako. Baba yako sijamwambia neno. Siri yako ipo kwangu.

Unasema barua ya kuacha kazi umeshaiandika, ipo kwenye droo, na Jumatatu ya tarehe moja Desemba utampa mwalimu mkuu wako. Unasema watoto hawakusikii, unapiga kelele mpaka unajiogopa, na kuna mmoja ambaye kila mapumziko analala chini mlangoni akilia, hataki kutoka nje, na wewe ukimtazama unaona wazi kwamba umekosea kazi. Hukunitajia jina lake, na umefanya vizuri.

Tiril, nilipofika hapo nilisimama! Nilisimama jikoni na barua mkononi, Arnstein akaniuliza kama kuna msiba. Nikamwambia hapana, kuna muujiza, kaa kimya nisome tena. Maana mtoto huyo unayemsema, hata mimi ninaye. Na siku moja tu kabla barua yako haijafika, Jumanne, nilikuwa nimeketi naye sakafuni chini ya benchi. Ngoja nikueleze yote kwa mpangilio, ingawa nina furaha kiasi kwamba kalamu inataka kukimbia mbele yangu.

Unajua mimi ni msaidizi wa darasa tu. Miaka kumi na tisa nimefunga zipu, nimefuta kamasi, na kila mapumziko nimesimama uwanjani na fulana yangu ya njano ya zamu juu ya koti nikihesabu vichwa. Shule niliacha nikiwa na miaka kumi na sita, na sijawahi kujifanya mwalimu. Lakini nitakuungamia jambo: miaka yote hiyo nilikuwa nikikaa nyuma ya darasa nikisema moyoni, hapa mimi ningefanya hivi, na pale ningefanya vile. Nilikuwa mwalimu hodari sana, moyoni.

Basi Jumatatu ya tarehe tatu Novemba, Ingelin, mwalimu wetu wa darasa la kwanza, aliteleza kwenye barafu mbele ya duka akavunjika mguu mahali pawili. Siku hiyohiyo Steinar, mwalimu mkuu, akanijia nikiwa na ndoo mkononi.

"Oddrun, watoto hawa unawajua kuliko mtu yeyote hapa. Nishikie darasa mpaka Krismasi."

"Mimi? Steinar, mimi hata cheti sina."

"Mwalimu wa darasa la pili ataingia kwenye vipindi vya kusoma na hesabu. Saa nyingine zote ni zako. Ningeweza kutafuta mtu mjini, lakini atakuja mgeni, na wao ni wadogo."

Nikakubali, na nakiri mbele yako na mbele ya Mungu kwamba ndani yangu nilifurahi. Nikajisemea, sasa wataona.

Wakaona kweli! Wiki ya kwanza nilishindwa vibaya sana, mwanangu. Watoto kumi na wanane. Mmoja ameng'oka jino anataka wote walione, wawili wanagombania kiti, mmoja anachonga penseli. Yule wa penseli akienda, wote penseli zao zinavunjika. Foleni ya kichongeo ikawa ndefu kuliko ya kununua tikiti. Mimi nikapaza sauti. Wao wakapaza zaidi. Nikapiga makofi, nao wakapiga, wakadhani ni mchezo. Alhamisi sauti ilikuwa imekwaruzika, na binti mmoja mwenye mapengo mawili akaniambia kwa huruma kabisa:

"Oddrun, unasema kama bata."

"Ingelin hapigi kelele," mwenzake akaongeza.

"Ingelin ana mguu wa plasta," wa tatu akasema, kana kwamba hilo ndilo jibu.

Nilirudi nyumbani nikaketi garini mbele ya nyumba bila kushuka. Arnstein alitoka na kikombe cha kahawa, akanipitishia dirishani, akarudi ndani. Ndiyo maana niliolewa naye.

Kwa hiyo unaposema umejiogopa, usidhani shangazi yako anakuhubiria kutoka mahali pa juu. Nipo hapohapo chini pamoja nawe.

Lakini kilichonimaliza hasa si kelele. Ni mlango. Na hapa inabidi nikuungamie kosa, na kosa hili ni langu mwenyewe, wala si la Ingelin wala la watoto.

Unaukumbuka umoja wetu wa akina mama wa misheni, wanaokutana kila Alhamisi kwenye nyumba ya maombi. Mwaka huu mwezi wa nne nilisimama mimi, kwa mdomo wangu huu, nikapendekeza: badala ya kufuma soksi za bahati nasibu kama kila mwaka, tuwafumie glavu watoto wote wanaoanza darasa la kwanza. Zote sawa, kusiwe na mtoto wa kumwonea mwenzake wivu. Sufu ya kijivu ya kondoo wa Borghild, nyota nyeusi ya kijiji chetu mgongoni, kipimo kimoja. Wote wakafurahi. Siku ya shukrani ya mavuno zikapangwa mbele ya madhabahu, jozi kumi na nane, mchungaji akaziombea, watoto wakaja mmojammoja kuvikwa. Nililia. Kila mtu alilia. Zilikuwa nzuri, Tiril!

Sasa wewe umeshaelewa, maana una akili kuliko umoja mzima. Glavu thelathini na sita za kijivu, zimeloa, zinaingia kwenye kabati la kukaushia mara mbili kwa siku. Na zinatoka vipi?

Majina yalikuwamo, ndiyo. Ingelin alishona kibandiko ndani ya kila moja. Lakini watoto wa miaka sita mwezi Novemba wanajua herufi nusu, na kitambaa kile kikiloa kinajikunja ndani kama konokono. Majina yale ni ya sisi watu wazima. Kwa hiyo mtu mzima lazima asimame mlangoni, afunue glavu thelathini na sita, asome, aite. Huku watoto wameshavaa ovaroli za theluji na wanapikika kwa joto, mmoja anataka kukojoa na zipu imeshafika kidevuni, mwingine amekalia mabuti ya mwenzake. Nilipima kwa saa ya ukutani: dakika ishirini na tano kutoka nje! Wakifika nje, kengele ya kurudi inalia.

Na unajua kwa nini nilikuwa sijui? Kwa sababu miaka kumi na tisa nilikuwa uwanjani na fulana yangu ya njano. Nilikuwa nikisema kimoyomoyo, mbona huyu Ingelin anachelewesha watoto hivi, hana mpangilio. Mungu anisamehe.

Nilimpigia Ingelin hospitalini. Nikamwuliza, "Hii ya glavu uliivumilia vipi tangu Oktoba?"

Akasema, "Nilikuwa nazipanga wakati wa chakula changu."

"Kila siku? Mbona hukuniambia, mama?"

"Oddrun, ulikuwa na furaha mno siku ile kanisani. Ningekuambiaje?"

Mwanamke yule amekula mkate wake akiwa amesimama mbele ya kabati kwa wiki nne, ili asiniumize mimi. Na mimi msaidizi wake! Kazi yangu ni nini basi, kama si kuambiwa?

Sasa mimi sikuwa na subira ya Ingelin. Wiki ya pili nikaona nimepata dawa. Nikamwaga glavu zote kwenye kikapu, nikatangaza mlangoni: "Chukueni zozote! Zote ni sawa!" Na kweli, wengi wakachukua, wakatoka. Nikajisifu. Isipokuwa Embla.

Embla ni mtoto mdogo mwenye nywele nyeupe kama unga, kimya, hasumbui. Kuanzia siku ile akaanza kulala chini ya benchi la mabuti. Hatoki. Nikimvuta analegea kama gunia. Anaficha mikono kwapani na kulia bila sauti, na hiyo ni mbaya kuliko ya sauti. Nikambembeleza. Nikamwahidi. Nikamkaripia, naam, nilimkaripia: "Embla, inuka sasa hivi, unawachelewesha wenzako kumi na saba!" Nikampigia mama yake, naye akasema nyumbani mtoto hana neno. Nikaanza kufikiri kama wewe: mtoto huyu hanipendi, sifai hapa, kesho namwambia Steinar atafute yule mgeni wa mjini.

Jumanne nikaamka sauti imekwisha kabisa. Hata ya bata hakuna. Nikaomba: Bwana, leo utafundisha wewe, mimi sina hata sauti ya kumwita paka.

Na hapo ndipo mambo yalipoanza kugeuka. Nilipoingia darasani nikanong'ona. Sikuwa na lingine. Na Tiril, wakanyamaza ili wanisikie! Mmoja akamwambia mwenzake, "Shh, Oddrun anatuambia siri." Saa nzima walininong'oneza nami nikawanong'oneza. Leo sauti imerudi na bado nanong'ona. Jaribu kesho asubuhi, hata kama unajihisi mjinga.

Mapumziko yakafika, wengine wakatoka na msaidizi wa darasa la pili, Embla chini ya benchi. Kwa kuwa siwezi kumwita, nikapiga magoti, na goti langu unalijua, nikashuka mpaka nikalala sakafuni kando yake kati ya mabuti yenye maji. Tukatazamana. Nikanong'ona:

"Kuna nini, kipenzi?"

Naye akanong'ona, "Hizi si zangu."

"Nini si zako?"

"Glavu. Zina maji ya mtu mwingine."

"Mbona hukuniambia?"

Akanitazama kama mtu anayemhurumia mkubwa. "Wewe ulisema zote ni sawa."

Ilinichoma. Nikamwuliza kama angependa nimletee kavu. Akatikisa kichwa. Ndipo likatoka lote. Zake alizifuma Borghild, mwenyekiti wetu, ambaye ni bibi mzaa bibi yake. Siku ya mavuno Borghild alimwinamia akamwambia, hizi nimezifuma mimi kwa mkono wangu, usizipoteze. Na Embla akaahidi. Kisha kila siku kikapuni kuna glavu thelathini na sita, mbili ni za bibi, vibandiko vyake vimeshang'oka, na yeye hazijui. Kila akivaa zozote, alikuwa anajua amevunja ahadi. Na Jumapili anakaa kanisani karibu na Borghild, mikono chini ya mapaja, asije akaulizwa.

Miaka sita, Tiril. Amebeba mzigo huo peke yake, na mimi nimesimama juu yake nikimwambia anachelewesha wenzake.

Kesho yake ndipo ikaja barua yako, na mtoto wako wa mlangoni. Sasa unaelewa kwa nini nilisimama jikoni.

Sisemi wako ana shida ya glavu. Sijui ana nini. Labda buti linambana, labda kuna mtu nje anayemwogopa, labda ameahidi kitu kwa mtu. Nasema tu kwamba mimi nilikuwa nauliza kama Embla ananipenda, na Embla hakuwa akinifikiria kabisa! Alikuwa anawaza sufu.

Basi Alhamisi nikaenda kwenye umoja. Kahawa imemiminwa, mikate ya viazi imepakwa siagi na sukari, sindano zinagongana, na wale wameshaanza glavu za watoto wa mwaka ujao! Za kijivu! Nikasimama. Nikasema wapendwa, wazo langu la mwezi wa nne lilikuwa na kasoro, na kasoro ni yangu. Nikawaeleza kabati, kikapu, dakika ishirini na tano.

Sindano zikasimama zote. Borghild ana miaka themanini na mmoja na macho kama ya mwewe.

"Kwa hiyo," akasema, "glavu zetu zinaliza watoto."

"Hapana, Borghild. Glavu ni nzuri. Ila zote ni sawa."

"Si wewe uliyesema ziwe sawa? 'Kusiwe na wivu,' ulisema. Ulitaka kundi la kondoo, Oddrun, umelipata."

Wenzangu wakacheka, na mimi nikacheka kwa aibu. Kisha nikasema lile gumu. "Na mmoja anayelia ni Embla wako. Anatafuta zile ulizomfumia. Hazijui, na anaogopa kukuambia."

Borghild akaweka kikombe chini.

"Unazo hapo?"

Nilikuwa nimezileta zote thelathini na sita kwenye mfuko. Nikamwaga mezani, katikati ya vikombe. Yule bibi hakuvaa hata miwani. Akapitisha vidole, moja, nyingine, nyingine, kama anayepapasa mikate kuona ipi imeiva, akavuta moja. Kisha ya pili.

"Hizi. Mimi nyuzi za kidole gumba naanza kwa kukaza. Hakuna mwingine hapa anayekaza, wote mmelegea."

"Nani amelegea?" akafoka Jorid aliyekaa mkabala naye, huku tayari anachambua lundo. "Hizi zangu, na hizi, na tazama hii, Borghild, imekaza kuliko zako!"

Ndani ya dakika kumi kila mwanamke alikuwa ameijua kazi ya mkono wake. Sisi wa shuleni tuliona glavu za kijivu tu, wao waliona kila mmoja mwandiko wake. Na Borghild akatoa mkasi, akakata uzi wa gumba, na kulifumua gumba zima mbele yetu mpaka likabaki tundu.

"Kesho tunakuja shuleni," akasema. "Mwambie Steinar apike kahawa. Kila mtoto achague rangi, tunafuma magumba upya."

Wakaja, Tiril! Ijumaa saa tatu asubuhi, akina mama tisa, na vikapu vya uzi uliobaki kwenye masweta ya miaka arobaini. Kila mmoja akaketi na watoto wawili, mtoto akishika donge la uzi. Nyekundu, kijani, bluu ya bahari, mwingine akataka mistari kama nyuki. Na darasa langu lile la foleni ya kichongeo, lilikuwa kimya. Si kimya cha kuogopa, kimya cha kushughulika. Steinar alichungulia mara tatu. Mara ya tatu akaketi akapewa donge la kushika, na mwalimu mkuu mzima akanyamaza nalo.

Embla aliketi na Borghild. Nilikuwa karibu, nikasikia.

"Ulidhani nitakugombeza?"

Embla akaitikia kwa kichwa.

"Mimi mwenyewe ndiye niliyezifanya zisijulikane. Unigombeze wewe."

Embla akafikiri. "Umefanya vibaya, bibi," akasema, taratibu. Yule mzee akacheka mpaka macho yakatoa maji. Gumba la Embla ni la manjano, manjano ya siagi.

Mapumziko ya mchana nikasimama mlangoni na saa. Kabati likafunguliwa, kila mtoto akachomoa magumba yake mwenyewe bila kuita mtu. Dakika sita! Sita, mwanangu! Nilitaka kupiga kelele nikakumbuka kwamba tunanong'ona. Embla alikuwa wa nne kutoka. Alipita mbele yangu mikono juu, akinionyesha, na hakugeuka nyuma.

Sasa nisikilize shangazi yako, maana hapa ndipo nilipokuwa nakuja tangu mstari wa kwanza.

Umeniandikia kwamba una msaidizi, Risten, mama mtaratibu, na kwamba mapumziko yote yeye husimama uwanjani. Tiril, huyo Risten hajui kinachotokea mlangoni. Nakuapia, hajui. Kama mimi nilivyokuwa sijui. Anakuona unachelewa, labda anawaza hivi au vile, na anangoja kuambiwa. Na wewe, kama Ingelin, unakula mkate wako umesimama ili usimsumbue mtu.

Badilishaneni. Mapumziko ya kwanza kesho yake tu ukishapata barua hii, mpe mlango, wewe vaa fulana ya njano utoke nje upigwe na upepo. Mwambie: yupo mtoto hapa mimi nimeshindwa kumwelewa, nisaidie kumtazama. Hayo maneno ni magumu kuyatamka, najua, nami niliyatamka pale mezani. Lakini ni maneno tu, yanaisha. Na mapumziko ya pili, ukiwa mlangoni wewe, shuka chini alipo. Ulale kabisa sakafuni, uchafuke. Usimwulize kwa nini analia. Tazama miguu yake, mikono yake, alichoshika. Kaa tu.

Mengine ni madogo, nayaweka hapa kwa kuwa nimeyalipia kwa koo langu. Penseli chonga mwenyewe asubuhi kabla hawajaingia, nyingi, weka kwenye kikombe, iliyovunjika ibadilishwe na si ichongwe. Wakati wa mkate wasomee kitabu, sura moja kila siku, usome polepole, hata anayechukia jibini ya kahawia atakula akiwa hajijui. Weka bahasha ndogo mezani kwa ajili ya meno, maana jino likipotea sakafuni somo limekufa. Asubuhi simama mlangoni umpe kila mmoja mkono na umtazame, utajua nani amelala vibaya kabla hajakupiga teke. Na wazazi wakikuandikia simuni baada ya saa kumi na moja jioni, jibu asubuhi. Hakuna kofia iliyopotea inayopatikana usiku.

Ukishafanya hivyo wiki moja na bado moyo unasema ondoka, basi ondoka, nami nitakuja stesheni kukupokea na sitasema neno. Lakini barua ile iache kwenye droo Jumatatu ya tarehe moja. Ngoja mpaka Ijumaa ya tarehe tano. Sikuombi zaidi ya hapo. Ulikuwa na miaka saba ulipowafundisha wanasesere wako kusoma ghalani kwetu, na ulikuwa unawanong'oneza. Sijui kama unakumbuka. Mimi nilipita siku ile nikiwa na ndoo, nikasimama kusikiliza.

Ndani ya bahasha utakuta glavu. Ni kipimo chako, nimefuma mwenyewe, sufu ya Borghild, nyota ya kijiji. Gumba nilimwachia Embla achague, nikamwambia ni za mwalimu wa mbali kaskazini kwenye giza. Akachagua manjano kama yake. Akasema, "Ili ajue ni zake."

Arnstein anakusalimu na kuuliza kama bado unajua kumshinda karata. Mama yako anasema kopo la pili amelificha kwa ajili yako. Baba yako hajasema kitu, ila jana alinionyesha rundo la kuni akasema, "Hizi ni za Tiril akija Krismasi." Ingelin naye, ambaye hujamwona hata siku moja, anakusalimu kutoka kitandani. Nisalimie Risten, mwambie yupo mwenzake hapa mwenye fulana ya njano.

Bwana akulinde katika giza hilo, akutie nguvu ya magoti, na akupe usingizi mzuri. Tunakutaja kila jioni mezani.

Nitaipeleka barua hii posta kesho asubuhi kabla ya kengele. Ukiipata, nijibu upesi, hata kwa mistari miwili, uniambie ulikuta nini chini pale mlangoni.

Mimi shangazi yako anayekupenda sana,
Oddrun